Madame Watatu wa Nyumba Moja

Masika mwanangu,

Umeenda kwa Yaya Georgette kusuka nywele, na najua mikono yake haina haraka. Donc, basi, nina nafasi ya kukuandikia mpaka urudi. Kesho asubuhi utapanda gari la Lubero. Barua hii nitaiweka katikati ya shuka zako, uikute hukohuko, mbali na macho yangu. Mwezi huu nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitaandika habari za sabuni, wala za baridi ya kule, wala namna ya kukaa kwa watu. Hayo unayajua kunishinda. Nakuandikia juu ya siku ile ya Beni, nilipokufunga mtoto wa jirani mgongoni na kuiambia avenue nzima, mtaa wote, kwamba wewe ni Mama Kasereka. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Uliniuliza kwa nini, nikakuambia unyamaze. Basi umenyamaza miaka minne, mimi nami nimenyamaza.

Kuanzia Jumatatu watoto wa shule utakaowafundisha watakuita Mademoiselle. Ukiolewa watakuita Madame. Ukizaa utakuwa mama wa fulani, na ukizeeka hata watu usiowajua watakuita Mukaka, kama vile wewe ndiye nyanya yao. Sista mzee aliyenifundisha kushona alipenda kutufungulia maneno ya kwao huku tukipiga pindo. Alisema Madame ni maneno mawili yaliyoshikana: moja maana yake ni "wangu", la pili ni "bibi mwenye nyumba". Zamani kwao halikuwa neno la kila mwanamke, lilikuwa la wake za wakubwa wenye mashamba na askari. Mademoiselle ni neno hilohilo lililofanywa dogo, bibi mdogo ambaye nyumba yake bado. Nilimuuliza, "Ma Sœur, na sisi huku tunaosema mama wa fulani, neno letu linatoka wapi?" Akacheka. "Hilo linatoka tumboni," akasema. "Linayashinda yetu yote."

Lakini mimi nililipenda la kwao. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikijiita Madame peke yangu mbele ya kioo cha masista. Nakuambia hili ili usidhani nilibebwa na hofu tu. Siku ya kwanza nilipoitwa katika nyumba ile, nilikwenda kwa furaha.

Unaikumbuka baraza yetu ya Beu, mtaa wetu kule Beni, na mashine yangu upande wa jua. Baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Vita vilikuwa vimeingia mjini na kutoka na kuingia tena, na katika nyumba kubwa ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa, aliyekimbilia Uganda, alikuwa anakaa mkubwa mmoja wa wale waasi. Jina lake sikulijua. Tulimwita Komanda, basi. Asubuhi moja askari wake alisimama mbele ya mashine yangu.

"Mama Masika, Madame anakuita. Beba mètre yako."

Madame alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na mwanya katika meno ya mbele. Alicheka kila nilipomgusa na mètre, ule utepe wa kupimia. Alitaka libaya, blauzi yenye mikono iliyofura, na kikwembe cha kufunga kiunoni, vyote vya kitambaa cha wax ya buluu. Wakati wa kujaribu, pini yangu ilimchoma begani, karibu na shingo, akapiga kelele kisha akacheka tena. Chini ya meza alikuwa amelala mbwa mweupe, ameweka mdomo juu ya mguu wa Madame. Mpishi wa nyumba, Papa Zakaria, mzee wa huku kwetu Butembo, alimletea chai katika kikombe chenye mstari mwekundu. Nilirudi nyumbani na chumvi na sabuni, nikajisikia mtu. Nilikuwa nashonea Madame.

Miezi miwili ikapita. Askari akarudi. "Madame anasema nguo inamukua kubwa. Kuya upunguze."

Ilikuwa saa sita za mchana, jua kali, na redio ilikuwa inaongea peke yake katika sebule. Madame alikuwa ameketi katika kiti chake, amenipa mgongo, na libaya ya buluu imemlegea mabegani. Nikasalimu. Akageuka.

Hakuwa yeye. Huyu alikuwa mfupi, mweupe kidogo, mwenye kovu kwenye kidevu. Nilidhani ni mgeni, au ni dada wa mwenye nguo. Papa Zakaria aliingia na kikombe kile chenye mstari mwekundu, akakiweka mbele yake, akainama kidogo kama alivyokuwa akifanya.

Nilimfuata jikoni. "Papa Zakaria, Madame iko wapi?"

"Si umemuona?"

"Nasema ule wa mwezi ule."

Alikuwa anapangusa sahani iliyokwisha kukauka. "Mama Masika, mu hii nyumba Madame ni mumoja. Alikondaka tu, juu ya malaria."

Mwanangu, malaria nimeiugua na nimeiuguza. Inakula nyama ya mtu. Haipunguzi urefu wake.

Nikarudi sebuleni na pini zangu. Nilipoinama kushika bega la libaya, yule mwanamke alisema polepole, bila kunitazama, "Uangalie vizuri leo. Ile mara ingine ulinichomaka hapa." Akaweka kidole palepale, karibu na shingo, mahali nilipomchoma yule wa kwanza. Ngozi yake ilikuwa safi, haina alama. Mpaka leo sijui nani alimfundisha aseme vile, wala alifundishwa kwa namna gani.

Ningeweza kusema: huyu si yeye. Nilisema, "Pole, Madame."

Wakati wa kutoka nilipita nyuma. Mbwa mweupe alikuwa huko. Hakuwa anaingia ndani tena, Papa Zakaria alikuwa anamwekea chakula nje. Alikuwa amelala kando ya tuta la matembele yaliyopandwa upya, mdomo wake juu ya udongo. Nilimwita, akasogeza masikio tu. Sikusimama kutazama tuta lile lilikuwa na urefu gani. Nilikuambia chakula cha jioni kimechelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Hakukuwa na foleni.

Utaniuliza kwa nini nilirudi mara ya tatu. Nilirudi kwa sababu niliitwa. Na tena, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzoea. Hicho ndicho kitu kinachonitisha hata sasa. Katika soko la Beni kila mtu alisema Madame wa Komanda amepita, Madame wa Komanda amenunua samaki. Wengine walikuwa wameona sura mbili kama mimi, lakini neno lilikuwa moja, na neno lile lilizifunika sura zote. Nilifikia mahali pa kujiuliza kama kweli nilimuona yule mwenye mwanya.

Mara ya tatu nguo ilikuwa ileile. Wax ilikuwa imepauka kwapani, na ndani ya mishono kulikuwa na mistari miwili ya uzi wangu, wa kwanza na wa kupunguza. Aliyeivaa alikuwa mtoto. Huenda alikuwa na miaka kumi na sita. Mikono iliyofura ilimfika kwenye viwiko, na kikwembe kilizunguka kiuno chake karibu mara mbili. Alikuwa amepakwa rangi kwenye midomo na mtu asiyejua kupaka.

Askari alisimama mlangoni, akitutazama. Nilipiga magoti nipime chini. Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu, ndogo sana, midomo haichezi.

"Mama, miye naitwa Kanyere."

Sikuinua uso.

"Nilikuwa nasoma mwaka wa pili. Mama yangu iko Eringeti, anauzaka mawese, banamuita Mama Muhindo. Mama, uniite jina yangu. Mara moja tu."

Masika, lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa na pini kati ya meno, ningeweza kulisema kama mtu anayekohoa. Lakini askari alihama mguu mmoja hadi mwingine, nikasikia ubao wa sakafu ukilia. Nikatoa pini mdomoni nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Ndiyo, Madame. Tutaipunguza hapa."

Mikono yake ilishuka taratibu pembeni, na kuanzia pale nilipomgeuza aligeuka, nilipomwambia ainue mkono aliinua.

Komanda aliingia bila viatu, amevaa soksi, sikumsikia. Alikuwa mtu mwenye adabu. Katika vita vile vyote sikuona mtu mwenye adabu kama yeye. Hakumwita mwanamke hata mmoja kwa jina tupu. Alinisalimia, akauliza kama mashine yangu ni nzima, kisha akasema, "Na Mademoiselle Masika, anaendeleaka na masomo?"

Sikuwahi kumwambia nina binti. Lakini jina lako lilikuwa ndani ya jina langu. Kila askari aliyenitafuta na kuniita alikuwa amekutaja wewe.

"Nasikia amekuwa mukubwa," akaendelea. "Aje Jumatatu akusaidie kazi. Madame hapa anakosa mutu wa kuongea naye."

Nilimtazama yule mtoto ndani ya nguo ya buluu. Alikuwa anatazama ukuta. Nikaona nguo ile ikija kwako, na mimi nikipiga magoti kuipima.

Nikasema, "Komanda, Masika hapana Mademoiselle tena. Ameisha olewa, iko na mutoto. Banamuita Mama Kasereka."

"Kumbe?" Alifurahi kabisa, kama mjomba. "Basi kesho nitapita kumupa hongera."

Sasa unajua kwa nini jioni ile nilikimbia kwa Mama Sifa, jirani yetu, nikarudi na mtoto wake wa miezi minne. Mama Sifa hakuniuliza mambo mengi. Aliniangalia usoni, akanipa mtoto na nepi zake, akasema, "Lakini anirudilie." Nikakufunga Kasereka mgongoni, nikapita nawe nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wakuiteje. Ulilia. Ulisema, "Mama, unanichafulia jina, hata ku shule batasikia." Nikakupiga kofi. Sijakuomba msamaha kwa kofi lile. Nakuomba sasa.

Alikuja asubuhi, askari wawili nyuma yake, na Papa Zakaria amebeba mayai katika kikapu, zawadi ya mzazi. Avenue yote ilikuwa kimya, hata kuku. Ulisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama Kasereka, hongera."

"Aksanti, Komanda," ukasema.

"Ananyonya muzuri?"

Hilo sikuwa nimekufundisha. "Usiku ndio ananyonya sana," ukajibu. "Mchana analala." Ukamrusha kidogo mgongoni, kama mwanamke aliyezaa watoto watano. Sijui ulilitoa wapi, na sijawahi kukuambia kwamba pale uliniokoa wewe mimi.

Komanda alivuta kofia ya mtoto kwa kidole kimoja, akamtazama sana. Kasereka naye alimtazama bila kulia. Kisha Komanda akakutazama wewe toka mabegani hadi miguuni, jicho la mtu anayepima, akanigeukia mimi na kutabasamu.

"Ni hasara," akasema. "Ile nguo ingemufaa bila hata kupunguza."

Wakaondoka. Papa Zakaria aliweka kikapu chini, na alipoinama alisema kwa Kinande, haraka, tuondoke leo. Mayai yale hatukuyala. Tulimrudisha Kasereka kwa mama yake, na kabla ya jua kuzama tulikuwa juu ya gari la kubeba mbao la Butembo, mashine yangu katikati ya magoti yako.

Yaliyofuata unayajua. Watu wa Beni walikimbilia huku nao, na mmoja akakuita Mama Kasereka mbele ya wenzako shuleni. Mkurugenzi wa shule akaniita bureau, ofisini kwake. Nilimwambia ni utani wa jirani. Hakuamini vizuri, lakini alikuacha umalize. Wewe uliacha kula nami sahani moja. Na kila nilipotaka kukueleza, niliona kwamba siwezi kueleza habari za Kasereka bila kueleza habari za Kanyere. Wewe nilikupa jina la uongo ukapona. Yeye aliniomba jina lake mwenyewe nikamnyima.

Kuna jambo baya zaidi. Mwaka jana, watu wa Eringeti walipojaa tena huku kwa sababu ya mapigano, mwanamke mmoja alianza kupita mtaa wetu wa Mususa na bidoni, dumu la mawese, kichwani. Alisimama kwenye baraza yangu. Wewe ulikuwa shuleni.

"Wasingya, mama," akasema, kunishukuru kwa kiti nilichompa. "Banasema ulikuwaka fundi ku Beni. Mu ile myaka, hukuonaka mutoto mumoja, Kanyere? Bamubebaka ku njia ya shule."

"Wewe ni nani?" nikauliza, nikijua.

"Mama Muhindo."

Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu la mashine. Nikalizungusha. Nikasema, "Hapana. Sikumuona." Na nilipolala nilijitetea, mwanangu, nilisema sikudanganya: mimi nilimuona Madame tu. Ona mtu anavyoweza kujificha nyuma ya neno. Mama Muhindo alipita tena wiki iliyofuata, na nyingine, akiuza mawese, na kila mara aliniamkia vizuri. Nilikuwa nanunua hata siku ambazo sikuhitaji.

Siku ulipoleta diplôme yako, ukanisomea kwa sauti jina lako lililoandikwa juu yake, jina lako lote, mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Ulidhani nalia kwa furaha. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, nilishuka bondeni mpaka kwenye chumba anachokaa Mama Muhindo. Ukungu ulikuwa haujainuka, alikuwa anawasha makaa. Nilisimama. Nikamwambia yote, toka mwanya wa yule wa kwanza mpaka mbwa, mpaka tuta, mpaka sauti ya Kanyere juu ya kichwa changu.

Hakulia. Aliendelea kupepea makaa. Akauliza, "Yeye alikuita nani?"

"Mama."

"Na wewe ulimuita nani?"

"Madame."

Alipepea mpaka makaa yakawa mekundu yote. Nilingoja anitukane, anifukuze, anipige. Badala yake alinisogezea kigoda. Tulikaa. Kisha akasema, "Muhindo ni mukubwa yake. Alifaka na surua, hata hakutembea. Myaka yote batu baniitaka mama wa mufu, na ule anaishi nikamukosa jina. Kuanzia leo nasema baniite Mama Kanyere. Nataka jina yake ipite mu midomo ya batu."

"Ndiyo, Mama Kanyere," nikasema, na lilikuwa gumu kutoka.

Akanitazama mara ya kwanza. "Ule mupishi iko muzima?"

Nimeulizia kwa madereva. Komanda na watu wake waliondoka Beni zamani, hakuna anayejua walikoelekea. Mfanyabiashara wa kahawa hajarudi. Papa Zakaria amebaki, anakaa katika chumba cha nyuma, analinda nyumba tupu. Dereva mmoja aliyepakia mbao karibu na pale aliniambia mzee anapanga kikombe kimoja mezani kila asubuhi na hataki kukiondoa.

Donc hii ndiyo habari yangu, Masika. Kesho wewe unashuka kuelekea Lubero, na keshokutwa mimi napanda kwenda Beni na Mama Kanyere. Nimemwambia huenda tusipate kitu. Amenijibu, "Kama haiko chini ya udongo, basi iko juu, na nitaendelea kumutafuta." Akaniuliza kama nitaweza kuonyesha tuta lilikuwa upande gani. Nitaweza. Naogopa lile jiko, naogopa kama mbwa bado yuko, naogopa sana kikombe kile. Lakini nitakwenda, na mzee nitamuuliza habari za mmoja mmoja: yule wa kwanza aliitwa nani, yule wa pili aliitwa nani. Ameishi nao, hawezi kukosa majina yote.

Sina la kukufundisha juu ya maneno ya heshima. Yaitikie watakapokuita, ni mazuri, na siku moja yanaweza kukuokoa. Lakini katika darasa lako atakuwako msichana ambaye watu wameanza kumwita kitu kingine. Muulize anaitwa nani. Umuulize siku ileile, usingoje mpaka mlangoni pasiwe na mtu.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unacheka na Georgette. Hujacheka hivyo siku nyingi. Nafunga.

Mama Kanyere amepita sasa hivi, amesimama barazani bila bidoni. Ameniuliza kama nina jembe. Nimemjibu ninalo.

Mama yako,
Kavugho